Afishi za Sinema za Kutisha, Zamani na Siku Hizi

Wakati wa Kwaresima tulikuwa tukiwafundisha vijana wa kipaimara somo la malaika na mashetani. Kijana mmoja aliinua simu yake, akatuuliza: “Mwalimu, na huyu naye ni nani?” Tulitazama. Ilikuwa picha ya sista mwenye uso mweupe kama chokaa, macho ya kutisha, na giza pande zote. Wasichana wawili walijifunika macho, wavulana wakacheka. Kumbe ni tangazo la filamu ya Marekani iitwayo The Nun, maana yake Sista, iliyotoka mwaka 2018. Tuliwaamuru waweke simu mfukoni, tukaendelea na somo. Lakini tuliporudi nyumbani moyo haukutulia. Tulikuwa tumewakataza kutazama, wala hatukuwaambia sababu. Na kusema kweli, sababu yenyewe hatukuwa nayo.

Basi tulianza kutafuta habari za afishi, yaani karatasi kubwa za matangazo zinazobandikwa mlangoni pa sinema na kwenye kuta za miji. Tulitazama zile za filamu za kutisha tu, za miaka mia moja na zaidi. Wengine watasema: kazi hiyo si ya katekista. Twawajibu hivi. Filamu yakaa ndani ya nyumba yenye mlango; atakaye kuiona hulipa, huingia, huketi gizani kwa hiari yake. Afishi haina mlango. Yakaa njiani, na kila apitaye aiona: mama atokaye sokoni, mtoto aliyetumwa chumvi, mzee aendaye Misa ya asubuhi. Kwa hiyo tulijiwekea maswali mawili ya kuipima kila afishi. La kwanza: je, yasema kweli juu ya filamu yake? La pili: je, yamtendea nini yule mpita njia ambaye hakuomba kuonyeshwa kitu?

Mwanzo twaukuta Ujerumani, baada ya vita ya 1914-1918. Mwaka 1920, kabla filamu ya Das Cabinet des Dr. Caligari haijaonyeshwa, kuta za Berlin zilibandikwa karatasi zilizomwambia kila mtu kwamba yampasa awe Caligari. Caligari ni nani? Karatasi hazikueleza. Mpita njia aliachiwa fumbo tu, akaenda nalo kazini. Afishi za filamu hiyo zilichorwa kwa mistari iliyopinda na pembe zenye ncha, sawasawa na mapambo ya filamu yenyewe. Miaka miwili baadaye, mwaka 1922, ikatoka Nosferatu ya F. W. Murnau, hadithi ya maiti anywaye damu. Mtu aliyebuni mapambo na mavazi yake, Albin Grau, ndiye pia aliyechora afishi zake. Mkono mmoja ulitengeneza cha ndani na cha nje. Hapo swali letu la kwanza lajibiwa vizuri, na wachache tu waliokuja baadaye waliweza kujibu hivyo.

Huko Marekani kampuni ya Universal ilitoa Dracula na Frankenstein mwaka mmoja, 1931, na The Mummy mwaka 1932. Mkubwa wa matangazo yake ya kuchorwa aliitwa Karoly Grosz, mzaliwa wa Hungaria. Afishi za wakati huo zilipigwa chapa kwa jiwe au kwa bamba la madini, rangi moja baada ya nyingine, ndiyo sababu weusi wake ni mzito na nyekundu yake yang'aa hata leo. Tukumbuke kwamba filamu hizo hazikuwa na rangi hata kidogo. Mtu aliona njiani nyekundu, njano na kijani, kisha akaingia ndani akakuta kijivu. Katika afishi ya The Mummy maiti wa Misri amesimama amefungwa vitambaa, na mbele yake mwanamke mwenye nguo nyekundu. Ndani ya filamu maiti huyo aonekana na vitambaa vyake kwa muda mfupi mwanzoni tu. Huo nao ni uongo, lakini mdogo, kama wa muuza maembe anayeweka mazuri juu ya kikapu.

Afishi ya kawaida ilikuwa na upana wa sentimita 69 hivi na urefu wa sentimita 104. Hakuna aliyeitunza. Ilibandikwa, ikabanduliwa, ikatumwa sinema nyingine, mwisho ikatupwa. Zilizobaki zahesabika kwa vidole. Ndiyo maana mwaka 1997 afishi moja ya The Mummy iliuzwa kwa mnada kwa dola zaidi ya 450,000, na mwaka 2017 moja ya Dracula ikauzwa kwa dola 525,800. Karatasi ya kutupwa! Tulipowasomea wazee wa parokia bei hizo, mmoja aliuliza kama hatukosei sifuri.

Katika miaka ya 1950 televisheni iliingia nyumbani mwa Wamarekani, sinema zikaanza kukosa watu, na matangazo yakapaza sauti. Hapa uongo ulikua. James Nicholson, mmoja wa wakubwa wa kampuni ya American International Pictures, alikuwa na desturi ya kubuni kwanza jina la filamu, kisha afishi ikachorwa, ikaonyeshwa kwa wenye sinema. Wakiipenda, ndipo filamu ilipotengenezwa. Ni kama kupiga ngoma za arusi, kisha kwenda kumtafuta bibi arusi. Mchoraji hodari wa miaka hiyo alikuwa Reynold Brown. Alichora afishi ya Creature from the Black Lagoon mwaka 1954, na ya Attack of the 50 Foot Woman mwaka 1958. Katika hiyo ya pili mwanamke mkubwa kama mlima amesimama juu ya barabara kuu, mguu huku na mguu huku, magari yakikimbia chini yake, moja ameliokota mkononi. Tendo hilo halimo katika filamu. Mwenye kulipa alikwisha kuona kizuri chote akiwa bado nje! Twausifu mkono wa Brown, maana alijua kuchora. Wenye kumwagiza ndio tunaowalaumu.

Mwaka huo huo, 1958, William Castle alitangaza filamu yake Macabre kwa kuahidi kwamba kila aingiaye atapewa bima ya dola 1,000 kutoka Lloyd's ya London, ili akifa kwa hofu watu wake walipwe. Tulicheka tuliposoma hayo. Lakini tazameni jambo moja: tangazo lilikwisha kuacha kusema filamu ni nini. Lilisema tu utaogopa kiasi gani, kama muuza pilipili.

Alfred Hitchcock aligeuza mambo mwaka 1960 kwa Psycho. Palipokuwa na mnyama wa kuchorwa pakawa na fotografia za watu kama sisi, na katika tangazo moja Hitchcock mwenyewe aonyesha saa yake ya mkononi kwa kidole, akiwaonya kwamba hakuna atakayeruhusiwa kuingia filamu ikiisha kuanza. Kuanzia hapo wachoraji walizidi kupungua. Na hapo twafika kwenye afishi mbili zilizotushika kuliko zote.

Ya kwanza ni ya Rosemary's Baby, mwaka 1968, kazi ya Philip Gips na Stephen Frankfurt. Uso wa mama kijana umelala kando, mkubwa, wa rangi ya kijani, macho yatazama juu. Mbele yake kuna kilima cheusi, na juu ya kilima kigari cha mtoto mchanga. Basi. Hakuna damu, hakuna kisu, hakuna pembe za shetani. Maneno yake yaomba tumwombee mtoto wa Rosemary. Ofisi ya Kanisa Katoliki ya Marekani iliyochunguza sinema iliihukumu filamu hiyo kuwa haifai kutazamwa. Hatubishani nayo juu ya filamu. Lakini afishi yenyewe ungeweza kuibandika karibu na shule, na mtoto angepita akiona kigari tu. Hofu ni ya mtu mzima aliyewahi kuwa na kitoto tumboni au mikononi, akakesha akijiuliza kitakuwa mtu wa namna gani. Jambo moja tu latukwaza, nalo ni lile neno la sala. Kuomba watu wasali ili wanunue tiketi ni kuazima kitu ambacho hakiazimwi.

Ya pili ni ya The Exorcist, filamu ya William Friedkin iliyotoka Desemba 1973. Aliyeitengeneza ni Bill Gold, yule yule aliyefanya afishi ya Casablanca mwaka 1942. Ni usiku, katika mtaa wa Georgetown mjini Washington. Mtu mmoja amesimama chini ya taa ya njiani, mbele ya nyumba. Ana kofia, ana mkoba mkononi, na mwili wake wote ni kivuli cheusi. Kutoka dirisha la juu mwanga mweupe wamshukia. Maneno yaeleza kwamba ndani ya nyumba hiyo msichana apatwa na jambo lisilofahamika, na kwamba mtu huyu ameitwa akiwa tumaini la mwisho. Friedkin alisema kwamba picha ile ilimjia kutoka mchoro wa Mbelgiji René Magritte, L'Empire des lumières, ambamo nyumba yakaa usiku na mbingu juu yake ni ya mchana.

Mara ya kwanza afishi hii ilitusumbua. Twawafundisha watoto kwamba mwanga ni wa Mungu na giza ni la mwovu. Hapa mwanga watoka katika chumba cha yule mwovu, na padri ndiye mweusi! Tulidhani mchoraji amekosea. Kisha tulikumbuka jambo. Tulipokuwa seminari, kabla hatujarudi nyumbani na kuoa, tulimsindikiza usiku padri mzee aliyeitwa kumpaka mgonjwa mafuta. Hapakuwa na shetani pale, palikuwa na homa tu na mama aliyelia. Nyumba ilikuwa na taa ndani, njia yote ilikuwa giza. Padri alifika mlangoni na mkoba wake mdogo, akasimama kidogo. Hakusali kwa sauti, hakusema neno. Alikuwa amechoka, nasi tulimwona mgongo tu dhidi ya ule mwanga. Kisha akaingia. Kusimama kule kwa dakika moja, ndiko Bill Gold alikokuchagua katika filamu nzima. Filamu ina matapishi na maneno machafu na kitanda kinachoruka. Vyote hivyo aliviacha. Alimweka mtu aliyetumwa, mzee, bila silaha, kabla hajaingia. Afishi hiyo yasema kweli juu ya filamu, na mpita njia haimdhuru. Twathubutu kusema kwamba yasema kweli hata juu ya upadri, ingawa haina msalaba hata mmoja.

Baada ya hapo kulikuwa na miaka michache ya kazi nzuri. Mwaka 1975 Roger Kastel alichora papa wa Jaws apandaye kutoka chini kumwelekea mwanamke aogeleaye. Picha yake ya asili imepotea. Mwaka 1979 Philip Gips alitengeneza ya Alien: yai moja lenye ufa, nuru ya kijani ikivuja, na maneno ya mkewe, Barbara Gips, kwamba mbali katika anga hakuna awezaye kusikia kilio chako. Yai hilo halifanani na mayai ya filamu, ni kama la kuku. Lakini hapa hatulaumu, maana ufa ule wasema kweli yote.

Kisha zikaja kaseti za video, na afishi ikapungua ikawa kasha dogo kwenye rafu ya duka. Kasha lishindanalo na makasha mia mbili lapiga kelele. Visu, mashoka, mashine za kutoboa. Uingereza, mwaka 1982, tangazo la The Driller Killer lilionyesha mtu akitobolewa paji la uso. Malalamiko yakawa mengi, nayo yalisaidia kuleta sheria ya mwaka 1984 ya kuchunguza kaseti kabla ya kuuzwa. Marekani, Novemba 1984, ilikuja Silent Night, Deadly Night. Afishi yake: paa lenye theluji, bomba la moshi, na mkono wa Baba Noeli ukiwa na shoka. Wazazi waliandamana mbele ya majumba ya sinema, na kwa muda mfupi kampuni ikaiondoa filamu. Watu wa sinema waliwacheka wazazi hao. Sisi hatuwacheki. Wao hawakununua tiketi. Tangazo ndilo lililowafuata watoto wao, tena katika majuma ya kungojea Noeli.

Wakati huo huo kaseti hizo zilifika Ghana. Watu walizunguka vijijini na televisheni, mashine ya video na jenereta, na walihitaji matangazo. Mafundi kama Heavy J na Stoger walichora afishi kwa rangi za mafuta juu ya mifuko ya unga iliyoshonwa pamoja, na mara nyingine mchoraji hakuwa ameiona filamu. Waliongeza nyoka, vichwa vilivyokatwa, macho yanayotoka. Ni uongo kama ule wa Nicholson, hatukatai, na watoto wa mtaani waliuona wote. Hata hivyo twakiri kwamba tulipozitazama tulifurahi. Kila moja ni ya mkono, na mkono huo wamtazama mtu wa mtaani kwao, si mtu wa mahali popote. Leo wenye mali wa Ulaya na Marekani wazinunua na kuzitundika sebuleni.

Miaka ya 1990 hatutaisemea sana. Baada ya Scream ya mwaka 1996 kila afishi ilijaa nyuso za vijana wazuri zimepangwa kama picha ya darasa. Mwaka 1999 waliotangaza The Blair Witch Project waligawa karatasi za kutafuta vijana watatu waliopotea, na vijana hao walikuwa wachezaji tu, wazima. Wengi wameisifu akili hiyo. Sisi tunaosoma matangazo ya waliopotea baada ya Misa, majina ya kweli, tulishindwa kuisifu. Na mwaka 2007, mjini Los Angeles, mabango ya filamu Captivity yalionyesha mwanamke akitekwa, akifungwa, akiteswa na kufa, hatua kwa hatua, juu ya barabara. Watu walilalamika, yakashushwa. Filamu hiyo iliongozwa na Roland Joffé, aliyetupa The Mission mwaka 1986, ile filamu ya Wajesuiti inayopendwa katika misioni nyingi. Hatusemi kwamba mabango yalikuwa amri yake. Tulishangaa tu.

Siku hizi afishi imehama ukutani ikaingia mkononi. Yapasa ionekane katika kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kwa hiyo uso hujaza picha yote na herufi huwa nene. Kampuni ya Netflix ilieleza mwaka 2017 kwamba filamu moja huonyeshwa kwa picha mbalimbali, kila mtu apewe ile inayoelekea kumvuta yeye. Zamani mtaa mzima ulitazama karatasi moja, na mzazi alijua mwanawe ameona nini. Leo hajui.

Sasa turudi kwa yule sista. The Nun yasimulia habari za mwaka 1952 katika monasteri ya Romania. Ndani ya filamu yumo novisi jasiri, Sista Irene, ambaye ndiye ampingaye pepo. Lakini uso unaouza filamu ni wa pepo aliyevaa vazi la sista. Mwaka 1973 waliweka katika afishi mtu aliyetumwa. Mwaka 2018 waliweka yule ambaye watumwa huenda kumfukuza. Tena mnamo Agosti 2018 tangazo moja fupi la filamu hiyo, la sekunde sita, liliwarukia watu waliokuwa wakitazama mambo mengine kabisa, na YouTube ililiondoa kwa kuwa lilivunja kanuni zake juu ya mambo ya kushtua. Hata wauzaji waliona kwamba mpita njia ametendewa vibaya. Na huku kwetu mama mmoja wa parokia alitueleza kwamba mwanawe wa miaka mitano, aliyeonyeshwa picha ile na kaka yake, alikataa kuingia zahanati ya masista. Alikuwa na malaria. Sista mzee ilimbidi avue kitambaa cha kichwani ndipo mtoto akubali sindano.

Hiyo ndiyo sababu tuliyowapelekea vijana wetu Jumamosi iliyofuata. Hatukuwaambia kwamba kuogopa ni dhambi, wala kwamba kila picha ya kutisha ni ya shetani. Tuliwaonyesha afishi mbili pamoja, ya sista na ya padri chini ya taa, tukawaomba waseme wenyewe. Walinyamaza kwanza. Wavulana walisema ile ya zamani haitishi. Kisha msichana mmoja, kati ya wale waliojifunika macho, alichukua simu akaikaribia sana.

“Mwalimu, huyu padri aingia au atoka?”

Tulimwambia atazame tena mwanga na mkoba.

“Aingia,” akasema. “Na wenzake wako wapi?”

Tulijibu kwamba ndani ya nyumba yumo padri mwingine, kijana. Aliuliza kama anaweza kuiona filamu yote. Tulimwambia angoje, ana miaka kumi na mitatu.